Kabla Ununue Turbo, Nunua Tairi: Historia Fupi ya Mpira Unaokubeba

Wasee, Jumapili usiku brathangu alinitumia meseji: "Niko na ngiri tisini. Nataka tairi moja ya kuenda job na ya kuenda traki. Nipige gani?" Nilianza kujibu nikafuta. Nikaanza tena, nikafuta. Mara ya tatu nikamwambia anipe siku nne.

Swali lenyewe ni rahisi, na msee yeyote wa Kirinyaga Road angemjibu kwa dakika moja. Lakini kati yangu na brathe, tairi si mada ya mchezo. Nitawaambia kwa nini, halafu nitawapeleka nyuma kidogo, mpaka mwaka wa 1839, kwa sababu nimegundua ukijua tairi ilitoka wapi, hautadanganywa kirahisi na muuzaji.

Miaka mitatu iliyopita brathe alichukua mkopo wa sacco akanunua Subaru Impreza WRX. Nyinyi mnajua venye hii kitu huenda. Wiki ya kwanza ni kupiga picha, wiki ya pili ni ekzosti, mwezi wa pili ni rimu. Zile rimu alizipata mtumba kutoka Japani, zikiwa zimevaa tairi tayari. Manze, zile tairi zilikuwa zinakaa poa! Pana, zimechongoka mabegani, mifereji michache tu mikubwa katikati. Muuzaji akasema, "Hizi ni za resi, kijana. Na bado ziko na nyama." Ni kweli nyama ilikuwepo. Hakuna mtu aliinama kusoma zile namba nne ubavuni: 1811.

Jioni moja ya Aprili tulikuwa tunatoka Ngong Road tukashika Southern Bypass. Mvua ilikuwa imenyesha saa nzima. Brathe hakuwa anakimbia, sindano ilikuwa kwa tisini hivi. Tukaingia kwa maji yaliyotuama, usukani ukawa mwepesi kama wa gari ya kuchezea, halafu gari ikaamua yenyewe inataka kuenda wapi. Ilienda kwa reli ya kando. Mimi nilitoka na michubuko. Brathe alivunjika mtulinga na mbavu mbili.

Nilikuwa mwaka wa pili chuoni, nasomea uhandisi wa mitambo. Mathe alikuwa ameweka karo yangu ya semista kando, na hiyo ndo pesa iliyolipa hospitali. Semista moja ikawa mbili, mbili zikawa kimya. Watu huniuliza kama niliacha shule nifuate ndoto ya kutengeneza video. Hapana. Niliacha shule kwa sababu ya tairi nne. Simlaumu brathe, na yeye anajua hivyo. Lakini sasa ametengeneza gari, amelipa mkopo, na anataka kurudi traki. Ndo maana sikuweza kumjibu kwa meseji.

WATU WA MADENI NA DAKTARI WA NG'OMBE

Kabla ya 1839, mpira ulikuwa kitu ya ajabu isiyo na kazi nyingi. Wakati wa joto ulikuwa unayeyuka na kunata, wakati wa baridi unakauka na kupasuka. Mmarekani mmoja, Charles Goodyear, alihangaika nao miaka mingi. Hakuwa mwanakemia wa kusomea. Alikuwa mfanyabiashara aliyefilisika, na aliwahi kufungwa jela ya wadeni. Mwaka wa 1839 aligundua kwamba mpira ukichanganywa na salfa kisha upigwe moto, unatulia: unavutika na kurudi, hauyeyuki, haupasuki. Alipata hataza mwaka wa 1844. Alikufa 1860 akiwa bado na deni kubwa. Kampuni inayobeba jina lake ilianzishwa 1898 na watu wengine kabisa, yeye akiwa kaburini karibu miaka arobaini.

Mwaka wa 1845, kijana wa Scotland aitwaye Robert William Thomson, umri wake miaka 23, akasajili wazo la kuweka hewa ndani ya mpira na kuuvisha gurudumu. Wazo lilikuwa sawa lakini wakati haukuwa umefika. Hakukuwa na baiskeli za maana, hakukuwa na magari, na mpira ulikuwa ghali. Wazo likasahaulika.

Miaka 43 baadaye, 1888, Mskoti mwingine aliyekuwa daktari wa mifugo kule Belfast, John Boyd Dunlop, akafanya kitu kile kile kwa baiskeli ya magurudumu matatu ya mtoto wake, bila kujua kuhusu Thomson. Mwaka uliofuata mwendesha baiskeli mmoja, Willie Hume, akavaa tairi za Dunlop kwa mashindano ya Belfast na akashinda wale waliotumia mpira mgumu. Watu waliocheka zile tairi nene asubuhi walikuwa wanaziulizia bei jioni.

Hapo kuna kitu ya kwanza ya kuchukua. Tairi ya hewa iliuzwa kwa watu kupitia mashindano. Tangu siku hiyo mpaka leo, kampuni hukuonyesha gari ya resi kisha inakuuzia tairi ya kuenda sokoni. Nitarudi kwa hii.

GHARAMA ILIYOLIPWA JIRANI

Sasa hii sehemu wengi wanaopenda magari huiruka. Mimi siwezi.

Dunlop alipofanikiwa, dunia ikaanza kulia mpira. Wakati huo mpira mwingi ulitoka msituni, kwa miti ya Brazili na kwa mitambaazi ya Afrika. Kwa Kiswahili neno ni moja tu: mpira ni ule mmea, ni utomvu wake, ni kitu tunachopiga teke uwanjani. Watu wa huku walijua ule mmea kabla ya gari yoyote kuja.

Kongo ilikuwa mali ya mtu mmoja, Mfalme Leopold II wa Ubelgiji, kuanzia 1885. Mpira ulipopanda bei, vijiji vilipewa kiwango cha kuleta. Wanawake walishikwa mateka mpaka wanaume warudi na mpira. Askari walitakiwa kuonyesha kwamba risasi hazikupotea bure, na ushahidi ulikuwa mkono wa mtu uliokatwa. Karani mmoja wa kampuni ya meli, E. D. Morel, aligundua akiwa Antwerp kwamba meli zinakuja zimejaa mpira na pembe, na zinarudi Kongo zikiwa na bunduki na risasi badala ya bidhaa za kubadilishana. Akauliza: hawa watu wanalipwa na nini? Balozi wa Uingereza, Roger Casement, akasafiri ndani ya Kongo mwaka wa 1903, na ripoti yake ikatoka 1904. Mwaka wa 1908 Leopold alilazimika kuiachia serikali ya Ubelgiji ile koloni.

Biashara ya mpira wa porini iliuliwa na mbegu. Mwaka wa 1876 Mwingereza Henry Wickham alitoa mbegu kama 70,000 za mpira Brazili akazipeleka bustani ya Kew, London. Chache tu zilimea, lakini zilitosha kuanzisha mashamba Ceylon na Malaya. Kufikia Vita vya Kwanza vya Dunia, mashamba ya Asia yalikuwa yameupiku mpira wa msituni. Halafu 1926 kampuni ya Firestone ikapewa haki ya kukodi ekari milioni moja Liberia kwa miaka 99. Kwa hivyo Afrika imo ndani ya hii hadithi tangu mwanzo, ila mara nyingi upande wa kutoa jasho.

Sisemi uache kuendesha gari. Nasema tairi si kitu ya kudharau ati ni mpira mweusi tu. Watu walilipa.

BARABARA NA MASHINDANO, MASWALI MAWILI

Mwaka wa 1895, ndugu wawili wa Ufaransa, André na Édouard Michelin, waliingia mashindano ya Paris hadi Bordeaux na kurudi, karibu kilomita 1,200. Walivalisha gari tairi za hewa wakati wenzao walitumia magurudumu magumu. Walipata pancha nyingi mno na wakamaliza nyuma kabisa. Lakini walimaliza, na miaka michache baadaye karibu kila gari ilikuwa na tairi za hewa.

Tairi za wakati huo hazikuwa nyeusi. Zilikuwa za rangi ya kijivu au nyeupe nyeupe. Weusi uliingia miaka ya 1910, viwanda vilipoanza kuchanganya masizi ya kaboni ndani ya mpira na kuona tairi zinadumu mara nyingi zaidi.

Badiliko kubwa lililofuata halikuwa la mpira bali la nyuzi za ndani. Tairi za zamani zilikuwa na nyuzi zilizopishana kwa mshazari. Kila tairi ilipojikunja, nyuzi zilisuguana, zikaleta joto, na uso wa tairi ukajipinda kwa kona. Michelin wakasajili mwaka wa 1946 tairi yenye nyuzi zinazokwenda moja kwa moja kutoka ukingo mmoja hadi mwingine, na juu yake mkanda wa chuma. Iliingia sokoni 1949 kwa jina la Michelin X. Hiyo ndiyo radiali, ile R unayoiona kwa 225/45R17. Ubavu unajikunja kivyake, na uso unabaki umelala chini. Tairi ikadumu zaidi na ikashika zaidi kwa wakati mmoja, jambo ambalo halitokei mara nyingi kwa hii biashara.

Miaka ya 1970 Pirelli wakaja na P7, pana na yenye ubavu mfupi. Waliijaribu kwa Lancia Stratos ya reli, kisha ikaenda kwa Porsche 911 Turbo ya mtu wa kawaida, kama kuna mtu wa kawaida mwenye Porsche. Mtindo wa tairi pana wenye ubavu mwembamba, ule brathe aliupenda akanunua rimu, ulipata umaarufu hapo.

Kwa upande wa resi yenyewe mambo yalienda mbali zaidi. Mwaka wa 1971 Firestone walileta Formula 1 tairi isiyo na mfereji hata mmoja, slik. Kwa lami kavu, kila mfereji ni mpira uliokosekana. Ukiondoa mifereji, mpira wote unagusa chini. Lakini mvua ikianza tu, kila mtu anakimbia kubadilisha. Hiyo ndiyo ajabu ya tairi ya resi: ni bora sana kwa hali moja, na ni hatari kwa hali nyingine, na ina watu kumi wamesimama kando na tairi nyingine mkononi. Wewe kwa Bypass huna watu kumi.

Angalieni hata Subaru yenyewe. Colin McRae alishinda Safari Rally ya 1997 kwa Impreza, babu ya gari ya brathangu. Ilikuwa na tairi za kokoto na mawe, imara ubavuni. Gari za aina hiyo hiyo zikienda Monte Carlo huvaa misumari kwa barafu, na zikienda lami huvaa kitu karibu na slik. Bingwa wa dunia na pesa zote za kampuni hakuwahi kuwa na tairi moja ya kila kazi. Sisi na ngiri tisini tunaitaka.

TAIRI YA RESI ILIYOVAA NGUO ZA BARABARA

Sasa tufike kwa zile tairi zilizotuangusha. Zinaitwa semi-slik, na zilizaliwa kwa sababu ya sheria.

Marekani, tairi ya barabarani lazima iwe na alama ya DOT, kumaanisha imetimiza kanuni za idara ya uchukuzi. Vilabu vya mashindano ya magari ya kawaida vikasema: njoo na gari yako, lakini na tairi ya barabarani. Nia ilikuwa nzuri, gharama zisipande. Kampuni zikafanya kile kampuni hufanya. Zikachukua mpira wa resi, zikachora mifereji miwili mitatu, zikapata alama ya DOT, zikauza. Kwa karatasi ni tairi ya barabara. Kwa tabia ni slik iliyochanjwa chale.

Baadaye vilabu vikajaribu kuweka mstari kwa kutumia namba ya uchakavu, ile utaona ubavuni imeandikwa TREADWEAR. Mfumo huo ulianza Marekani mwishoni mwa miaka ya 1970. Tairi ya kipimo ina alama 100. Tairi zinaendeshwa barabarani Texas karibu kilomita 11,600, kisha uchakavu unalinganishwa. Tairi ya 200 inatakiwa kudumu mara mbili ya kipimo. Tairi ya kawaida ya familia inaweza kuwa 400 au zaidi. Vilabu vikasema chini ya 200 hakuna kuingia, na ghafla soko likajaa tairi za 200 zinazoshika kama gundi. Ilikuwaje? Kumbuka ni kampuni yenyewe inayojipa alama. Serikali haikai pale na rula.

Kwa hivyo ukiona namba, itumie kukupa picha, usiifanye msahafu. Toyo R888R ni 100. Yokohama Advan A052 ni 200, na bado ni tairi ya traki moyoni. Michelin Pilot Sport 4 ni 320, hiyo ni tairi ya barabara yenye roho ya michezo. Na Pilot Sport Cup 2 ndiyo ilivaliwa na Porsche 918 Spyder mwaka wa 2013 ilipozunguka Nürburgring kwa dakika 6 na sekunde 57. Umeona ile mbinu ya Belfast 1889? Bado inafanya kazi.

Kuna vitu viwili vya hizi semi-slik ambavyo muuzaji hatakuambia. Cha kwanza, mpira wake umeundwa kushika ukiwa na moto. Asubuhi ya Limuru, na ukungu, unaendesha polepole nyuma ya lori, hautawahi kupata joto. Utakuwa na tairi ya bei kali inayoshika vibaya kuliko ya jirani yako wa Probox. Cha pili, kila ukiipasha moto na kuipoza, mpira unakauka kidogo. Inaweza kubaki na nyama nyingi na iwe imekufa. Zile zetu za 1811 zilikuwa hivyo. Kucha ilikuwa haiingii.

MAJI HAYAJALI UNA TURBO

Mwanzoni mwa miaka ya 1960, NASA walikuwa na tatizo la ndege kuteleza zikitua kwa maji. Watafiti wao wawili, Horne na Dreher, wakaandika mwaka wa 1963 kanuni rahisi: chukua presha ya tairi kwa psi, tafuta kipeuo cha pili, zidisha kwa 10.35. Jibu ni kasi kwa maili ambayo tairi inaanza kuelea juu ya maji mengi, kama mashua.

Nilifanya hiyo hesabu nikiwa kitandani wiki ya ajali. Presha yetu ilikuwa 32. Kipeuo cha pili ni karibu 5.66. Zidisha, unapata maili 58 na nusu, yaani kilomita 94 kwa saa. Sindano ilikuwa kwa tisini hivi. Kanuni hiyo ilitengenezewa ndege, na ni ya maji yaliyozidi uwezo wa mifereji. Tairi ya gari yenye mifereji mizuri inayasukuma maji pembeni na kupata nafasi zaidi. Tairi pana, yenye mifereji michache, haina pa kuyapeleka. Nilikaa nikaangalia ile namba kwa simu. Uhandisi niliosoma nusu ulinitosha kujua hatukuwa na bahati mbaya. Tulikuwa tumepanga miadi.

Wahandisi wamefanya kazi kubwa kwa hili. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 Michelin walianza kuuza tairi zenye silika ndani ya mpira mahali pa sehemu ya masizi, na ikasaidia gari kutumia mafuta kidogo bila kupoteza mshiko kwa lami ya maji. Tairi nzuri za barabara leo zina hiyo teknolojia. Alama ya mshiko unayoiona ubavuni, AA, A, B au C, inapima kufunga breki kwa lami yenye maji, ukienda moja kwa moja. Haipimi kona. Kwa kona, angalia mifereji na umri.

UMRI NA JOTO

Mtu asiseme umri ni maneno ya wauzaji tairi mpya. Mwaka wa 2000 Firestone waliita tairi milioni 6.5 zirudi, nyingi zikiwa kwa Ford Explorer. Uso wa tairi ulikuwa unabanduka gari ikiwa kwa kasi, hasa majimbo yenye joto, na gari inapinduka. Zaidi ya watu 200 walikufa Marekani. Kampuni hizo mbili zikalaumiana hadharani: hii ikisema tairi, ile ikisema gari na presha ndogo iliyopendekezwa. Kwetu somo ni lile lile: joto, presha ndogo na uzee wa mpira vinafanya kazi pamoja, na ndani ya tairi huwezi kuona.

Ndo maana kuna zile namba nne mwisho wa kodi ya DOT. Mbili za kwanza ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka. 1811 ni wiki ya 18, mwaka wa 2011. Kwa traki, mimi sitaki kitu kinazidi miaka mitano, hata kama imekaa stoo ikiwa imefungwa plastiki.

Na hapa kwetu hii ni muhimu zaidi, kwa sababu tairi nyingi zinatoka mbali. Kile kiwanda cha Nairobi kilichokuwa kinatengeneza Yana kiliacha kutengeneza tairi mwaka wa 2016. Nyingi tunazonunua zimepanda meli, zimekaa bandarini Mombasa, zimekaa stoo. Mpira unazeeka hata bila kusonga. Usiulize tu bei, inama usome.

SASA, BRATHE, JIBU LAKO

Nimeandika haya yote ndo uelewe kwa nini jibu langu haliko venye ulitaka.

Usichukue semi-slik. Nimehesabu siku zako: traki ni Jumamosi moja kwa mwezi, ukibahatika. Siku zile zingine zote ni Thika Road, mvua ya Aprili na Novemba, mashimo, na mathe ameketi kiti cha mbele ukimpeleka kanisa. Tena hauna trela. Utaendesha hadi traki na utarudi nyumbani kwa tairi zile zile, jioni, umechoka. Chagua tairi ya ile safari ya kurudi.

Chukua tairi ya barabara ya kiwango cha juu, treadwear kati ya 280 na 340, yenye mifereji mipana minne. Michelin Pilot Sport, Bridgestone Potenza, Yokohama Advan ya barabara, chochote cha hiyo familia utakachopata kipya kwa saizi ya 225/45R17. Hakikisha ni 91W au zaidi: 91 ni kilo 615 kwa kila tairi, W ni kilomita 270 kwa saa. Hautafika huko, lakini hiyo alama inamaanisha imejengwa kuvumilia joto. Zote nne ziwe sawa. Gari yako inavuta kwa magurudumu yote, na tairi zisizolingana zitachosha difu.

Ikibidi uchague kati ya jina kubwa lililozeeka na jina dogo lililotengenezwa mwaka huu, chukua hilo dogo. Usiniletee mtumba tena, hata bure.

Usimalize ngiri zote kwa tairi. Bakisha za kunyoosha magurudumu, mafuta mapya ya breki, na kipimo cha presha kizuri. Siku ya traki tairi zikipata moto presha itapanda, psi tano au zaidi. Pima ukitoka tu, punguza kidogo, kisha, na hii ndiyo watu husahau, irudishe ile ya mlangoni kabla uingie barabara kuu.

Traki tairi hizi zitaanza kulia na kulainika baada ya mizunguko minne mitano. Utapitwa na msee wa Evo mwenye semi-slik. Mwache apite. Tairi ya barabara inakupigia kelele kabla iachilie, na hivyo ndo utajifunza kuendesha. Semi-slik inashika, inashika, halafu inakuacha ghafla. Ukifika siku traki ni kila wiki, tutatafuta rimu za pili, uzibebe kwa buti, ubadilishe ukifika. Hivyo ndivyo McRae na wenzake walifanya, na hakuna njia ya mkato ambayo historia imeonyesha tangu 1895.

Wengine mnaosoma, mtu akiwaambia tairi fulani ni ya barabara na traki kwa asilimia mia, muulize mvua ikinyesha inakuwaje, na muulize imezaliwa wiki gani.

Brathe nilimtumia hii kitu Alhamisi kabla niiposti. Hakusema kitu siku nzima, na kumjua ni kumjua, nikadhani amekasirika kwa sababu ya ile sehemu ya karo. Jana saa kumi akatuma picha moja, bila maneno. Ilikuwa ubavu wa tairi, imepigwa karibu sana, vumbi la duka bado liko juu. Namba nne za mwisho zilikuwa za mwaka huu. Chini yake akaandika: "Nimeinama nikasoma zote nne."